Arobaini na Nne, Kama Kila Ijumaa

Sheria inampa mpelelezi saa arobaini na nane za kumshikilia mtu, wala si dakika moja zaidi. Pitchou, dereva wa depo ya mbegu, aliingizwa kasho, yaani mahabusu ya polisi ya Uvira, Jumanne saa kumi alasiri. Sasa ilikuwa Alhamisi saa tatu asubuhi, na afisa mpelelezi, OPJ Claudette Ngendakumana, alikuwa amekaa na daftari moja mezani, daftari ambalo lilikuwa linamtoa mtu huyo kasho huku yeye akitazama tu.

Lilikuwa daftari la safari la Bwana Pierre, mwenye depo. Watu wa depo waliliita kaye. Pierre ni mtu asiyemwamini dereva yeyote aliyezaliwa na mwanamke. Gari lake likitoka, yeye mwenyewe huinama dirishani, husoma kompteri, kile kihesabu kilomita cha gari, huandika kilomita kwa mkono wake. Likirudi, huinama tena. Kila Ijumaa Pitchou alipeleka mbegu kwenye ghala la Runingu akarudi, na kila Ijumaa safari ilikula kilomita arobaini na nne. Claudette alikuwa amezihesabu Ijumaa hizo, thelathini na moja. Hata ile ya mwisho, siku Noella alipopotea, Pierre aliandika arobaini na nne na kuipigia mstari.

Noella alikuwa muuza ndagala, dagaa wa ziwani, wa mtaa wa Mulongwe, mwenye miaka ishirini na miwili. Wanawake wawili walimwona Ijumaa hiyo mchana akipanda nyuma ya pikapu ya Pitchou, juu ya magunia, beseni mkononi. Wakulima walimkuta Jumapili asubuhi kando ya mfereji wa zamani huko Runingu, katikati ya mahindi, mbali na barabara kubwa. Nyonga imevunjika, mbavu tatu zimevunjika. Daktari aliandika kwamba majeraha yale yasingemuua kama angefikishwa hospitali siku ile. Alikufa polepole, Jumamosi, kati ya alfajiri na adhuhuri. Chini ya kucha zake kulikuwa na udongo, na nyuma yake mahindi yalikuwa yamelala kwa urefu wa hatua nane. Alikuwa akitambaa kuelekea kwenye maji. Zilikuwa zimebaki hatua tatu.

Jumatatu polisi walimkamata mwendesha pikipiki wa Runingu kwa sababu tu alikuwa karibu. Walimng'oa meno mawili kabla haijajulikana kwamba Ijumaa alikuwa Sange mazikoni, mbele ya parokia nzima. Hakuna aliyemwomba radhi.

Kisha wale wanawake wawili wakasema, na Pitchou akaletwa. Hakutetereka. Alimshusha Noella njia panda ya Runingu, mzima, anacheka. Mferejini hajawahi kufika. Na hapo ndipo kaye iliposimama upande wake kama wakili. Polisi walikuwa wameupima mchepuko ule: kutoka barabara kubwa hadi alipolala Noella ni kilomita mbili na mita mia mbili, na kurudi ni hizo hizo. Pitchou angekwenda huko, Pierre angesoma arobaini na nane.

"Kilomita hazina dini wala ndugu, Madame," mwendesha mashtaka alimwambia kwenye simu. "Saa kumi umuachilie."

"Wanasema njia ya mwongo ni fupi," Claudette alijibu.

"Hii si fupi wala ndefu. Ni arobaini na nne."

Akakata simu. Claudette alifungua kijitabu chake akaupitia mstari mmoja aliokuwa ameuandika bila kujua wa kazi gani: Jumapili, saa ile ile wakulima walipomkuta Noella, Pitchou alisimama kanisani Nyamianda akatoa ushuhuda kwamba Mungu amemfunika njiani. Kumfunika na nini, hakusema. Watu walipiga makofi.

Saa nne aliingia Lionel, kaka mkubwa wa Pitchou. Lionel ni kwado wa Nyamianda, yaani mziba matairi, na ndiye aliyemlea Pitchou tangu mama yao alipozikwa. Alikuwa amebeba bakuli la bugali na samaki aina ya mukeke, na mkono wa pili shati jeupe lililopigwa pasi, ili mdogo wake asirudi mtaani na nguo za kasho.

"Jambo, Madame."

"Jambo, papa Lionel. Ni mapema. Saa kumi bado."

"Minye nitangoja tu, Madame. Mutoto akitoka, anione."

Alitoka kungoja uani. Pale uani ndipo ile pikapu nyeupe ilipozuiwa, na mziba matairi hawezi kupita karibu na gari bila kulitazama miguuni. Claudette, dirishani, alimwona akiinama, akipiga tairi kwa kisigino, akilipapasa kama mtu anayempapasa ng'ombe wake. Akatoka nje.

"Unatafuta nini hapo?"

"Hapana, Madame, ninaangalia tu kazi yangu. Hizi mapine minye njo nilizifunga."

"Lini?"

"Alhamisi, siku moja mbele ya ile safari. Zile za zamani zilikuwa ndogo. Mvua ikinyesha, muto Mulongwe inapanda mu barabara, gari inazama. Pitchou alinisumbua sana: mukubwa, siku moja nitafia mu maji. Njo nikamutafutia hizi kubwa. Angalia vile gari imesimama!"

Claudette aliangalia. Kwa siku mbili alikuwa amesoma kaye ukurasa kwa ukurasa, amepima wino, amelinganisha mwandiko wa Pierre, na hakuwahi hata mara moja kuinama kuangalia magurudumu. Alijichukia kwa hilo.

"Na zile ndogo ziko wapi?"

"Kwangu. Wateja wanazikalia."

Alimtuma polisi mmoja na Lionel kwa pikipiki. Walirudi na tairi la zamani na mfuko wa vyombo vya kazi. Claudette alitoa chaki na utepe wa kupimia, akasema anataka kujua gurudumu likizunguka mara moja linakwenda umbali gani. Hakusema kwa nini. Lionel hakuuliza. Kazi ilikuwa yake, na hakuna fundi asiyependa kuulizwa na afisa wa serikali kitu anachokijua vizuri kuliko yeye.

Alitia alama ya chaki kwenye tairi la zamani, akalivingirisha barazani hadi alama ikarudi chini. Mita mbili na sentimita thelathini. Kisha polisi wawili waliisukuma pikapu, naye Lionel akatambaa kando yake akiifuata alama. Mita mbili na sentimita hamsini na tatu.

"Sasa nielezee kama mtoto wa shule," Claudette alisema.

"Kompteri haina macho, Madame. Haioni barabara. Inahesabu tu mizunguko ya gurudumu. Walipotengeneza gari, waliifundisha pine ya kipimo fulani. Weye ukiweka kubwa, inazunguka kidogo lakini inafika mbali. Kompteri inafikiri ingali ni ile ndogo. Mushale ya mwendo unasema arobaini, kumbe gari iko mu arobaini na ine."

"Na dereva hajui."

"Atajua wapi? Anaamini mushale. Wateja wangu wote wako vile."

"Kwa hiyo Ijumaa Pitchou alikuwa anakimbia kuliko alivyofikiri."

Uso wa Lionel ulifunguka. Tangu Jumanne alikuwa anatafuta kitu cha kumfanyia mdogo wake, na sasa alikuwa amekipata.

"Njo vile, Madame! Andika ile. Kama kulikuwa kintu yoyote mu njia, haiko kosa yake. Hakujua."

Claudette aliandika yote, neno kwa neno, vipimo, tarehe ya kufunga matairi, maelezo ya mshale. Aliiacha furaha ile iishi. Alijua haikuwa na muda mrefu, lakini mtu mwenye furaha husaini haraka. Lionel alisaini kurasa tatu bila kuzisoma, na akashukuru.

"Sasa twende tukaone barabarani," Claudette alisema. "Weye utasoma kompteri. Weye njo fundi."

Walianzia mlangoni pa depo, kama Pitchou alivyoanza. Pierre alitoka na kalamu yake, akainama, akasoma, akaandika: 84 316. Claudette alikuwa kwenye usukani, Lionel kando yake na karatasi magotini. Alikuwa amevuta shati jeupe kifuani ili lisishike vumbi.

Walivuka daraja la Mulongwe, ambako wanawake walikuwa wakichota matope ya mafuriko ya juzi kutoka kwenye milango ya vibanda vyao. Walipita Kavimvira, milima kushoto, uwanda umelala kulia. Walipita njia ya Kiliba. Kila mahali Claudette alipotaja jina, Lionel alisoma namba kwa sauti, wazi, kama mwanafunzi mbele ya ubao. Claudette aliendesha taratibu. Kwenye kona ya Runingu, pale lami inapokatika ghafla na gari linaruka, alitazama mshale. Arobaini.

"Arobaini na ine," Lionel alisema kwa furaha. "Mwaona, Madame? Hapa inarusha muntu."

"Naona."

Ghalani Runingu kompteri ilisoma 84 336.

"Makumi mawili," Lionel alisema, akaandika.

"Pitchou alisema kwenda ni ishirini na mbili. Kwenda na kurudi, arobaini na nne."

Lionel aliitazama karatasi yake. "Labda tumekata njia."

"Kuna njia ya kukata?"

"Hapana," Lionel alisema.

Waligeuza. Hawakuchepuka popote. Njia ya mferejini ilipita kushoto kwao, nyembamba kati ya mahindi, na Claudette hakuitazama, lakini Lionel aliitazama mpaka ikapotea nyuma. Kuanzia hapo aliacha kusoma.

"Kiliba," Claudette alisema.

Lionel alikuwa ameinamia karatasi yake.

"Papa Lionel. Kiliba. Soma."

Alisoma. Sauti yake ilikuwa imepungua. Alikuwa fundi, na fundi akishaanza hesabu hawezi kuizuia isifike mwisho. Siku zote mapine madogo, arobaini na nne. Mapine makubwa, barabara ile ile, lazima iwe arobaini. Ijumaa mapine yalikuwa makubwa. Na Ijumaa Pierre aliandika arobaini na nne.

Darajani Mulongwe alimshika Claudette mkono wa usukani.

"Madame, tuzunguke kidogo pa soko."

"Juu ya nini?"

"Kuna muntu ninataka kusalimia."

"Nani?"

Lionel alikuwa bado ameushika ule mkono. Macho yake yalikuwa kwenye kompteri.

"Ni kilomita ine tu, Madame," alisema. "Ine tu. Mutoto ni mumoja, sina mwingine."

Claudette alimhurumia. Alimhurumia kweli, kwa muda wa hatua kumi hivi. Kisha akakumbuka zile hatua tatu za mferejini, akanyoosha gari hadi mlangoni pa depo. Pierre aliinama. 84 356. Akahesabu kwa vidole, akahesabu tena, akamtazama Claudette.

"Arobaini. Kompteri imeharibika?"

"Haijaharibika. Andika, Bwana Pierre, na utie saini."

Saa tisa kasorobo Pitchou aliletwa ofisini. Alikuwa amenawa uso, na alimtabasamia kaka yake aliyesimama mlangoni na shati mkononi. Lionel hakutabasamu.

"Swali moja tu kabla ya saa kumi," Claudette alisema. "Ijumaa kompteri ilisoma ngapi?"

"Madame, nimekwisha sema mara mingapi? Arobaini na ine, kama kila siku ya safari. Mungu iko shahidi."

"Huyo shahidi wako ulimshukuru kanisani Jumapili. Kwa nini hasa?"

"Alinifunika mu njia."

"Papa Lionel, msomee."

Lionel aliishika karatasi kwa mikono miwili. Claudette alichukua karatasi mkononi mwake, akaisoma mwenyewe: gari lile lile, matairi yale yale, mlango ule ule, bila kwenda mferejini. Arobaini.

Pitchou hakuelewa. Alimtazama Claudette, akamtazama kaka yake, kama alivyokuwa akimtazama tangu utoto kila jambo lilipomshinda. Basi ikawa ni Lionel aliyemweleza, kwa maneno yale yale ya asubuhi, isipokuwa sasa yalimtoka kama mawe.

"Pine kubwa, Pitchou. Inahesabu kidogo. Bila kuchepuka ingesema arobaini. Ine zingine ulikwenda nazo wapi?"

Pitchou alikaa chini bila kuambiwa.

"Minye sikukimbia," alisema. "Mushale ulikuwa mu arobaini. Ile kona ninaipita na arobaini siku zote. Nilisikia tu gunia moja imeanguka. Kumbe haikuwa gunia."

"Alikuwa hai?"

"Alikuwa anasema."

"Anasema nini?"

"Maji."

Claudette aliandika neno hilo. Kalamu ilitoboa karatasi.

"Endelea."

"Patron amekataza kubeba bantu. Alifukuza ule mwenzangu juu ya mama mumoja tu na kuku yake. Nikasema, nimuweke fasi ya kivuli, pale hakuna wa kumuona, nirudishe gari, nitarudi na pikipiki nimupeleke hospitali. Nilimuambia: Noella, ninarudi."

"Ulirudi?"

"Madame, nilijua Patron ataona. Mu njia yote nilikuwa ninasema, atasoma arobaini na nane, ataniuliza, na minye nitamuambia yote, tutaenda naye na gari. Nilikuwa tayari, Madame, ninaapa. Kusudi ile maneno itoke. Nilifika, akainama, akasema: arobaini na ine, ni sawa, enda ulale." Machozi yalikuwa yanashuka bila yeye kuyafuta. "Nilipiga magoti nyuma ya magunia. Nilisema, Mungu ameipanguza. Kama amepanguza kilomita, basi amepanguza kintu yote. Nilisema hata yeye amesimama, amekwenda kwao."

"Ukalala."

"Nililala."

Polisi walimrudisha kasho. Hakuna aliyempiga. Claudette aligeuza kurasa, akaweka kalamu mbele ya Lionel, na Lionel hakuigusa.

"Madame," alisema. "Kama singefunga hizi mapine?"

Kulikuwa na njia nyingi za kujibu, na mtu mwema angechagua mojawapo. Claudette alikuwa amechoka na wema. Tangu Jumapili alikuwa amemwona mama yake Noella, Élisabeth, akikaa kila asubuhi kwenye ngazi za polisi na beseni la binti yake, akiuliza kila apitaye kama mtoto aliita jina la mtu.

"Ingesoma arobaini na nane," alisema. "Pierre angemuuliza saa kumi na moja ile ile. Nusu saa baadaye wangekuwa mferejini. Noella alikuwa na usiku mzima wa kuishi, na asubuhi yake. Saini hapa, na hapa."

Lionel alisaini. Alikunja shati jeupe upya, mikono ndani, kola juu, akaliweka pembeni mwa meza karibu na bakuli ambalo hakuna aliyekula, akachukua mfuko wake wa vyombo akatoka.

Claudette alikuwa bado anaandika saa ya kufunga maelezo aliposikia chuma kikilia uani. Alisogea dirishani. Lionel alikuwa amepiga magoti vumbini kando ya pikapu, spana mkononi, anafungua nati za gurudumu la mbele. Tairi dogo la zamani alikuwa amelivuta karibu yake. Mama Élisabeth alikuwa amesimama kwenye ngazi na beseni lake, anamtazama bila kujua ni nani.

"Papa Lionel, acha!" Claudette aliita. "Hizo ni ushahidi sasa."

Lionel aliitoa nati ya tatu, akaiweka kwenye kifuniko ili isipotee, akaanza ya nne.